Mwaka wa Meli Isiyo na Mizinga

Mwezi uliopita tulimzika Njiru kule kwao Mbeere, upande wa chini wa Embu, ambako jua huwaka mpaka mbuzi anatafuta kivuli cha mbuzi mwenzake. Aliyekuwa akiongoza shughuli, kijana mwenye suti na kipaza sauti kilichokohoa kuliko wazee wote waliokuwepo, alinipandisha mbele na kutangaza kwamba mimi ni baharia, na kwamba marehemu na mimi tulipigana vita vingi katika bahari kuu. Watu wakapiga makofi. Mimi sijawahi kupigana na kitu chochote baharini isipokuwa viazi. Katika mstari wa kwanza alikuwa ameketi mjane, Nkatha, mwenyeji wa Laare, ambaye kabla hajawa mke wa Njiru nusura awe mke wangu. Nilishika kile kipaza sauti, nikasema marehemu alikuwa mtu mpole, nikashuka upesi kama niliyekanyaga siafu. Ninajulikana Makutano yote, niliko na hoteli, kwa kusema mpaka chai ya wateja inapoa. Siku hiyo maneno yalinikimbia, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiurudia kichwani ule mwaka mmoja nilioishi na Njiru ndani ya meli.

Meli yenyewe ilikuwa ya jeshi la wanamaji, lakini si ile unayoifikiria. Ilikuwa nyeupe kama friji, na haikuwa na mzinga hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kupima sakafu ya bahari. Wakati meli zingine za kijeshi zilipotoka gatini zikitimua povu, zikaenda kutafuta maadui, yetu ilitoka polepole kama mama mjamzito anayekwenda kliniki. Ikifika mahali pake inashika mstari mmoja ulionyooka, inakwenda mpaka mwisho, inageuka, inarudi kando ya njia yake ileile, inageuka tena, vivyo hivyo kutwa kucha, mfano wa ng'ombe wa plau katika shamba ambalo halina mwisho. Chini ya tumbo lake kulikuwa na chombo kinachopiga mlio kuelekea kilindini. Mlio unagonga chini, unarudi juu, na ndani ya chumba kimoja chenye joto la tanuri kalamu ya mashine inachora mstari mweusi kwenye karatasi inayojiviringisha. Mstari ukipanda, chini kuna kilima. Ukishuka, kuna bonde. Michoro hiyo ndiyo hutumika kutengeneza ramani za bahari, ili nahodha wa meli nyingine asije akapanda mwamba gizani. Njiru ndiye aliyekaa mbele ya ile mashine. Mimi, kijana wa Mitunguu niliyezaliwa katikati ya migomba, nilikuwa jikoni, chini kabisa, nikimenya viazi vya watu ambao naapa walikula gunia zima kwa kifungua kinywa.

Jiko lile halikuwa kubwa kuliko choo cha shule. Sufuria zilifungwa kwa vyuma ili zisiruke, na bahari ikichafuka hata supu ilipanda ukuta. Wiki za kwanza nilitapika vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Mapishi nilifundishwa na bwana mmoja wa pwani aliyeamini kwamba chakula bila nazi ni adhabu, na nikajifunza kweli. Kupitia dirisha la kupitishia sahani nilisikia kila lililosemwa mesini, chumba cha kulia cha mabaharia. Nilisikia nani anadaiwa, nani mke wake amerudi kwao, nani anaota kwa sauti. Tukirudi gatini nilisikia pia mabaharia wa meli za mizinga wakitupigia kelele kutoka upande wao. "Nyinyi wapima matope! Leo mmekamata adui wangapi kwa rula?" Wenzangu walijibu matusi na kucheka. Mimi niliingia ndani. Niliona haya na ile meli. Niliona haya na aproni yangu, na zaidi ya yote niliona haya kwamba nyumbani wakiuliza "uko jeshi gani?" nitahitaji kueleza kwa dakika nyingi kabla sijafika kwenye neno sufuria.

"Sasa unaona haya na nini?" Njiru aliniuliza siku moja tukinywa chai nyuma ya meli. Alikuwa mrefu, mkavu kama mtama wa kwao, na aliongea kama mtu anayelipia kila neno.

"Wewe huoni? Haina hata bunduki ya kufukuza ndege."

"Kwetu watu walikufa mtoni kwa sababu hawakujua maji yana kina gani," akasema. "Mimi hii kazi naipenda." Akamaliza chai yake, akarudi kwa mashine. Mazungumzo ya Njiru yalikuwa hivyo. Ukipepesa jicho umeyakosa.

Nkatha nilikuwa nimemwona likizoni. Alikuja Mitunguu kwa dada yake aliyeolewa jirani yetu, akanikuta nikimpikia mama samaki wa nazi, akasimama mlangoni akanusa, akauliza kama kuna nafasi ya mgeni. Alikula kimyakimya, akalamba vidole, akasema, "Haki, wewe utaniharibu." Basi. Kabla likizo haijaisha nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani waende Laare wakaniposee. Kule Igembe, upande huo wa Laare, huendi mikono mitupu. Unapeleka ncoolo, lile fungu la miraa iliyochaguliwa shina kwa shina na kufungwa kwa majani ya mgomba, na baba wa msichana akilipokea, mlango wa mazungumzo umefunguka. Mila pia inataka mposaji aketi, ainamishe kichwa, afunge mdomo. Anayesema ni msemaji wake. Msemaji wangu alikuwa Baba Mdogo Gitonga, na kama mimi ninaongeza chumvi kidogo, nimerithi tone tu kutoka kwenye bahari yake.

Tuliketi kwa Mzee Baariu, baba yake Nkatha, katika nyumba ya mabati yenye baridi ya milima ya Nyambene, chai ya maziwa mezani na wazee wakitafuna miraa. Baba Mdogo alisimama, akalinyoosha koti lake. "Huyu kijana mnayemwona amenyamaza hivi," akaanza, "akikohoa asubuhi, meli nzima ya vita inasimama wima."

"Eeh?" wakasema wazee.

"Meli ya vita! Mzinga wake mmoja ukiulaza hapa mlangoni, mdomo wake uko Maua."

"Wacha!" akasema shangazi yake Nkatha, mama mnene mwenye macho yaliyokuwa yakihesabu kila kitu. "Na analala wapi?"

"Chumba chake mwenyewe. Ana wapishi wa kumpikia, ana mtu wa kumfulia, chai anapelekewa kitandani."

Nilitazama kucha zangu zilizokuwa bado nyeusi kwa maganda ya viazi, nikazificha chini ya mapaja. Nkatha alipita akimimina chai. Alifika kwenye kikombe changu akasita, akanitazama, mimi nikatazama sakafu, akaendelea kwa wa pili. Mila ilikuwa imenifunga mdomo, na niseme ukweli, nilishukuru mila. Mzee Baariu alikuwa mdogo wa mwili na kofia yake ya sufu ilimfikia kwenye nyusi. Alitafuna, akatema, akasema taratibu, "Ni vizuri sana. Sasa boma lake liko wapi? Mimi simtoi mtoto kabla sijaona boma." Kwa sababu hiyo nayo ni desturi. Watu wa msichana huja kuona mahali ambapo mtoto wao atalala, waone ng'ombe, waone ghala, waone mlango umeelekea wapi.

"Boma?" Baba Mdogo akacheka. "Mzee, boma la huyu ni ile meli."

"Basi nitaona meli."

Tulicheka sote kama watu walionusurika. Mombasa ni mbali, na mzee yule hakuwa amewahi kuvuka mto Tana. Nilirudi kazini nikiamini kwamba maneno yale yatasahauliwa yenyewe, na nitaoa, na siku moja, tukiwa na watoto wanne au watano, nitamweleza mke wangu kwa mzaha.

Halafu serikali ikataka kujua lile bwawa kubwa la Tana, upande wa Mbeere, limejaa matope kiasi gani. Nani ana watu wa kupima chini ya maji? Ni sisi. Ikachukuliwa boti ndogo ya kupimia, ile inayobebwa mgongoni mwa meli kama mtoto, ikapandishwa kwenye trela, ikavutwa na lori kutoka baharini mpaka Embu. Alikwenda Luteni mmoja, mtu wa Lamu aliyelalamika kwamba maji ya bwawa hayana chumvi, wakaenda mafundi wachache, akaenda Njiru na mashine yake, nikaenda mimi na sufuria. Watoto wa njiani walilikimbilia trela wakipiga mayowe. Nadhani hakuna mtu katika barabara ile yote aliyekuwa amewahi kuona boti ikipanda mlima. Njiru alikaa mbele ya lori akitazama barabara. Tulipoanza kuteremka kuelekea bwawani alisema tu, "Nilikuwa mtoto walipotuhamisha hapa," akageukia dirisha. Sikuuliza. Nilikuwa nikifikiria kuni nitapata wapi.

Wanunuzi wa miraa hufika kila mahali, na habari hufika pamoja nao. Mzee Baariu alisikia kwamba wanamaji wako Embu na chombo chao. Adhuhuri moja, tukiwa kambini kando ya maji, ikaja pikapu ya miraa, zile zinazokimbia kama zimeiba, ikafunga breki mbele ya hema langu la jikoni. Wakashuka Mzee Baariu, shangazi, Nkatha aliyevaa sweta ya bluu, na nyuma yao Baba Mdogo Gitonga, ambaye walimpitia Mitunguu. Uso wake ulikuwa na jasho ambalo halikuwa la jua peke yake. Nilivua aproni nikaitupa nyuma ya gunia.

Shangazi aliitazama boti. Ilikuwa imefungwa ukingoni, nyeupe, fupi kuliko lori lililoivuta. Akazungusha kichwa kutafuta nyingine. "Hii ndio meli?"

"Hii ni mtoto wa meli," Baba Mdogo akasema bila kupepesa. "Mama yake iko Mombasa."

"Na mizinga iko wapi?"

"Mizinga imebaki kwa mama."

Mafundi waliangua vicheko. Luteni, mtu mwenye adabu, aliwakaribisha wageni kivulini na kuamuru chakula. Nikawaandalia samaki wa lile bwawa kwa tui la nazi niliyokuwa nimeibeba kutoka pwani, na chapati laini ambazo, sijisifu, zingeweza kuvaliwa kama shuka. Mzee Baariu alikula. Nilisimama pembeni na kitambaa cha sahani nyuma ya mgongo nikamwona akila, akivunja chapati, akisafisha sahani, akiitazama sahani kama aliyeagwa na rafiki. "Muga," akatuamkia kwa Kimeru, akiinua kichwa kututazama sote. "Huyu samaki amepikwa na nani?"

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua. Baba Mdogo akawahi. "Ni wale wapishi wake, mzee. Si nilikwambia? Ana jeshi zima." Nami nikaufunga. Nkatha alikuwa anakula polepole. Akaweka chapati chini.

Luteni akawaalika waone kazi. Shangazi alikataa, akasema mamba wa Tana hawamjui na hataki kuanza urafiki uzeeni. Mzee, Nkatha, Baba Mdogo na mimi tulivalishwa jaketi za kuokolea, tukaingia. Boti ikashika mstari, ikaenda mpaka mwisho, ikageuka, ikarudi. Njiru alikuwa ameinamia mashine, na mzee alisimama nyuma yake akitazama ile kalamu ikichora vilima na mabonde ambayo hayaonekani. Baba Mdogo alikuwa ameanza kueleza jinsi mimi ninavyotoa amri kwa redio. Ndipo Njiru akainua mkono.

"Afande, naomba tupite hapa tena."

"Mstari umekwisha, Njiru."

"Naomba, afande."

"Kuna nini hapa?"

Njiru hakugeuka. "Ni kwetu."

Luteni alimtazama kidogo, kisha akamwambia wa usukani arudi polepole. Injini ikashusha sauti mpaka tukasikia maji yakigonga ubavu wa boti. Kalamu ikaanza kupanda, ikachora mteremko mrefu, kisha nundu pana, bapa juu. Njiru aliigusa ile nundu kwa kidole kabla wino haujakauka. "Huu ni mwamba tuliokuwa tunaanikia mtama," akasema. "Nyanya alikuwa anakaa hapa na fimbo kufukuza ndege. Nyumba ilikuwa upande huu."

Mzee Baariu alivua kofia yake. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake, kilikuwa na upara unaong'aa. Akauliza kwa sauti ya chini, ile ambayo wazee huitumia wakiingia uani kwa watu, "Mlango ulielekea wapi?"

"Kule, mzee. Mlima Kirinyaga ukiwa wazi, ukitoka asubuhi unauona."

"Ng'ombe?"

"Hatukuwa na wengi. Walilala hapa tulipopita sasa hivi. Mbuzi walikuwa karibu na nyumba kwa sababu ya fisi."

"Na ghala?"

"Nyuma ya mwamba. Baba alilijenga juu ya mawe ili mchwa wasipande."

"Maji mlichota mbali?"

Njiru akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tufike. "Mbali sana, mzee. Tulikuwa tunateremka mtoni saa nzima."

Tulikuwa tunaelea juu ya maji yenye kina cha kumeza mnara wa kanisa, na mzee akaendelea kuuliza, na Njiru akaendelea kuonyesha kwa mkono, hapa jiko, hapa njia, hapa kaburi la babu, na Nkatha alisogea akashika ukingo wa boti akawa anatazama kila alipoonyeshwa, kana kwamba ukikaza macho utaviona. Baba Mdogo hakusema lolote. Katika maisha yake yote naamini hiyo ndiyo nusu saa pekee. Mimi nilitazama ile karatasi. Siku zote nilikuwa nimeidharau, nikaiita mchoro wa kuku.

Tuliposhuka, mzee alinisimamisha ukingoni, mbele ya wote. "Kijana. Wewe hapa unafanya kazi gani?"

"Napika, mzee."

"Samaki ni wako?"

"Ni wangu."

"Na nilipouliza ulinyamaza."

Baba Mdogo akaingilia. "Mzee, mila inasema mposaji—"

"Hiyo ni mila ya kwangu Laare," mzee akasema, bila hasira. "Hapa yeye ndiye mwenyeji. Mwenyeji hunikaribisha kwa mdomo wake." Akanigeukia. "Samaki alikuwa mtamu sana. Ningekula tena. Lakini leo umeona haya na sufuria yako. Kesho mtoto wangu atakuja mjini amejifunga leso ya Laare, na wenzako watakuuliza huyu ni nani, na wewe utatazama chini." Akavaa kofia. "Nilikuja kuona boma. Nimeliona." Akaenda kumpa Njiru mkono, akampa kwa mikono miwili.

Nkatha alipitia kwangu kabla ya kupanda pikapu. "Mimi nilijua unapika," akasema. "Si nilikukuta kwa jiko la mama yako? Nilikuwa nimefurahi. Niliwaambia wasichana wenzangu, mimi sitapika peke yangu." Akashika mlango wa pikapu. "Nilikungoja useme, hata kwa kichwa tu." Pikapu ikaondoka, vumbi likanifunika, na nilishukuru lile vumbi.

Siku hizi nina hoteli yangu Makutano. Jina langu limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kuliko jina la chakula chochote, na mteja akisifu samaki mimi hutoka jikoni na mwiko mkononi kabla hajamaliza sentensi. Nilirudi shule ya jioni nikiwa na watoto wakubwa, chini ya mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko viatu vyangu, nikapata cheti changu cha kidato cha nne, na sikumficha mtu kwamba ninasoma na vijana. Watu husema nina moyo wa kujiamini. Sikuzaliwa nao. Kuna wakati bado, nikitoa maganda ya viazi kwenye kucha, joto hunipanda usoni bila sababu, peke yangu, mzee mzima.

Tulirudi baharini. Meli nyeupe ikaendelea kulima mistari yake. Miezi ikapita, na sikumtaja Nkatha, wala Njiru hakumtaja. Kisha alasiri moja alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, kichwa kikigusa fremu, akishika juu ili asiyumbe.

"Mzee Baariu ametuma mtu," akasema. "Anataka niende Laare."

Nilikuwa nakoroga wali wa watu wote. Sikuacha kukoroga.

"Nkatha mwenyewe anasemaje?"

"Ndiye aliyemwambia atume." Akatazama sakafu, akanitazama. "Ukisema nisiende, siendi. Nakwambia ukweli. Sitaenda na hatutaongea tena jambo hili."

Angesema hivyo mtu mwingine, ningejua ni maneno ya adabu. Njiru hakuwa na maneno ya adabu. Angebaki kweli. Nilijua pia kwamba angekaa mbele ya mashine yake maisha yake yote bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikamwambia, "Nenda. Na usimpeleke Baba Mdogo wangu."

Alicheka, nikacheka, akanishika bega kwa nguvu, akaondoka. Nilibaki nimeshika mwiko nikitazama ukuta. Sijui nilisimama hivyo muda gani. Kilichonishtua ni moshi. Wali ule uliungua mpaka chini ukawa mkaa na juu ukawa na harufu ya lami, na saa ya chakula ilikuwa imefika, na hakukuwa na mwingine. Nikaupakua hivyohivyo. Nikaupitisha kwenye lile dirisha, sahani moja moja, nikingoja matusi, kwa maana watu wale walikuwa wakinitukana hata chumvi ikizidi punje mbili.

Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia vijiko tu. Mafundi waliokuwa bwawani walikuwa wameshawaambia wenzao kila jambo, kumbe, tangu siku tuliporudi, na dirisha lile hupitisha maneno pande zote mbili. Wakala wali ulioungua mpaka mwisho, mesi nzima. Kisha Luteni, yule mtu wa Lamu aliyekuwa na adabu, akasimama, akaja dirishani mwenyewe, akanyoosha sahani yake bila kunitazama machoni, akaomba aongezewe.